Butoni ya Njano

Niseme mapema ili tusidanganyane: yule mzee sikumpenda. Tulifanya kazi pamoja miaka tisa katika redio moja ya hapa Goma, yeye upande mmoja wa kioo, mimi upande wa pili, na sikumbuki hata asubuhi moja niliyokaa mbele ya mikro bila kujiuliza: leo huyu ananifanyia nini? Jina lake nalijua. Sitaliandika hapa. Redio nzima tulimwita Muzee wa Meza.

Meza ni ile mashine ya kuchanganya sauti. Ya kwanza tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kizamani, yenye vipini vya kupandisha na kushusha kwa kidole, na mimi nilikuwa naviona vyote kupitia kioo. Akikupunguza, unaona kipini kinashuka, unamgongea kioo, mnagombana, mnamaliza. Kisha wafadhili wakatuletea nyingine ya kisasa, ina kioo kinachowaka kama simu kubwa na safu ya butoni nyeusi zisizoandikwa kitu. Tangu hapo mkono wake ukawa unagusa kidogo tu, tick, na mambo kumi yanabadilika ndani ya mashine bila wewe kuona hata moja. Niambieni, hapo mtu mwenye akili zake hashuku?

Usiniulize alizaliwa wapi. Kuna waliosema ni wa vilima vya Masisi, kwa sababu alikuwa anakuja na maziwa yake kwenye chupa ya maji na kuyanywa polepole hadi saa sita. Kuna waliosema ni wa upande wa Bukavu, kwa sababu ya Kifaransa chake cha kikarani. Katika mji huu, mtu akianza kukuchimbia asili, ujue hakutakii mema, na mimi sikutaka kuwa mtu huyo. Shaka zangu zilikuwa za kazi, na hizo zilinitosha.

Zile butoni aliziita makro. Alituelezea mara moja tu, siku Meza mpya ilipofika, na sura yake ilionyesha kwamba hatarudia. Kila kipindi kina mipango yake: mikro gani ifunguliwe, ipi ifungwe, muziki ushuke kiasi gani, sauti iongezewe unene au upunguzwe, mwangwi uwepo au usiwepo. Badala ya kuyafanya hayo moja moja kila siku, unayafundisha kwa mashine mara moja, unayafungia kwenye butoni moja, na kesho unabonyeza tu. Alikuwa anakuja Jumapili baada ya misa, wakati redio inapiga nyimbo zilizohifadhiwa, anakaa peke yake na kofia yake ya sufu hadi jioni, akifundisha Meza.

Makro ya Habari ilikuwa kavu na wazi. Makro ya Sala ilikuwa na joto. Makro ya Mupira ilifungua mikro mbili pamoja ili watangazaji waweze kubishana. Na kulikuwa na Kilio, ya matangazo ya vifo. Hiyo, hata kwa chuki yangu, nilikuwa naikubali: ukiibonyeza, muziki unajiondoa taratibu kama mgeni anayetoka bila kuaga, mikro zote nyingine zinafunga, na sauti ya msomaji inapata nafasi ndogo nyuma yake, kiasi cha chumba chenye viti vilivyopangwa. Siku moja mtangazaji wa michezo, amesimama kando ya Meza, aliinua mkono kushangilia bao, kiwiko kikaangukia Kilio. Bao likatangazwa kwa sauti ya matanga. Simu zilipigwa hadi adhuhuri, watu wakiuliza ni mchezaji gani amefariki. Sisi tulicheka hadi machozi. Muzee wa Meza hakucheka. Alikata kipande cha chupa ya plastiki, akatengeneza kifuniko kidogo, akaifunika Kilio, na wa michezo akapigwa marufuku kukaribia upande ule.

Ndivyo alivyokuwa. Maneno yake yangeingia kwenye kiganja. Hakuna kula karibu na Meza, hakuna kuegemea, hakuna mtoto kuingizwa studio hata awe wa mkurugenzi. Jioni aliifunika kwa kitenge cha mkewe, akikikunja pembe kwa pembe. Bisibisi yake hakumwazima mtu. Lakini koti lake, lenye simu na funguo za nyumba ndani, alikuwa analiacha kwenye kiti mlango wazi siku nzima! Mtu anayelinda bisibisi na kuacha funguo za nyumba, wewe unamwelewaje? Mimi sikumwelewa, na nisichokielewa mimi nakihesabu upande wa mabaya.

Na salamu yake, Mungu wangu. Unaingia asubuhi, unamwambia "Asubuhi muzuri, Muzee." Hajibu. Anakuonyesha mikro kwa kidevu.

"Sema kitu."

"Nimesema tayari. Nimekusalimia."

"Sema tena."

Unasema tena, yeye macho kwenye kioo chake, hata hakuangalii. Kisha, umeshakasirika, ndipo anageuka: "Eh, mama. Asubuhi muzuri." Miaka tisa nilisalimiwa baada ya kupimwa.

Basi niwaambie na mimi nilikuwa nani, maana bila hilo hamtajua nilikuwa naogopa kupoteza nini. Nilikuwa nasoma matangazo. Vifo, vitambulisho vilivyookotwa, lakini zaidi ya yote watu waliopotezana. Kila mji ukitikisika, kila kijiji kikikimbia, watoto wanashika mkono usio wa mama yao na kujikuta kambini Kanyaruchinya, chini ya hema la shitingi la watu wasiowajua. Mimi niliwaita. Jina, umri, nguo, mahali alipoonekana. Watu hawakunijua sura. Pale sokoni Virunga ningeweza kununua majani ya sombe bila hata mmoja kugeuka, hadi nifungue mdomo. Nikisema tu "fungu hili ni la ngapi?" muuza sombe anaacha kupanga mafungu yake: "Yo! Haiko Mama wa Matangazo huyu?" Na mji wetu unajaa uvumi. Asubuhi utaambiwa barabara imefunguliwa, saa nne utaambiwa imefungwa, saa sita aliyekuambia yote mawili amekimbia. Watu hawakuwa wanaamini habari tu hivihivi. Walikuwa wanangoja waisikie kwangu.

Sauti hiyo ndiyo ilikuwa mali yangu yote. Nene, ya mama mtu mzima, isiyo na haraka.

Sasa sikieni. Kila mtangazaji alikuwa na butoni yake, na Muzee aliziwekea alama ya mkanda wa rangi. Wa michezo bluu, wa habari nyekundu, mimi njano. Za wenzangu alizipanga mara moja, zikakaa hivyo miaka. Yangu alikuwa anairudia kila Alhamisi. Kila Alhamisi! Namwona kwa kioo, ameinama, anagusa, anaangalia, anaandika namba kwenye daftari lake, anagusa tena.

Nilimuuliza. "Muzee, unafanya nini pale?"

"Ninapanga."

"Unapanga nini?"

"Sauti."

"Sauti yangu iko na shida gani?"

Aliangalia kioo chake, akaangalia saa ya ukutani. "Soma, mama. Dakika imefika."

Hilo lilikuwa jibu? Jirani yangu ndiye aliyenichomea moto kabisa, bila kujua. Siku moja tunafua nguo pamoja, akaniambia akicheka: "Weye kwa redio uko sawa na binti! Hapa nyumbani unaongeaka sawa na bibi yangu." Nilicheka naye. Usiku huo niliigeuza ile kauli kichwani kama mtu anayegeuza samaki kikaangoni. Binti! Kumbe ndiyo kazi ya kila Alhamisi. Ananipunguza unene kidogo kidogo, ananifanya binti, ili siku watakapomleta binti wa kweli kukalia kiti changu, wasikilizaji wasishtuke. Nilijipangia yote: nani amemtuma, ameahidiwa nini. Kukohoa kwangu kwa asubuhi sikukuhesabu. Goma nani hakohoi? Vumbi la mawe ya volkano, moshi wa makala ya kupikia, baridi ya ziwa. Nilikuwa nakunywa tangawizi, naingia studio, na katika kaske niliyovaa masikioni sauti ilikuwa inanirudia vizuri. Sikujua kwamba hata ile iliyonirudia ilipitia butoni ya njano kwanza.

Nilimtega. Siku moja ametoka kunywa maziwa yake uani, nilibandua mkanda wa njano nikaubandika kwenye butoni ya jirani yake. Nikakaa nikingoja. Akarudi, akaketi, akabonyeza ile ileile ya siku zote bila hata kuangalia chini. Kesho yake nilikuta mkanda umerudi mahali pake, umenyooshwa vizuri. Heri angenitukana.

Kuna jambo moja lingeweza kunifungua macho, na nililiona kwa macho haya. Mzee mmoja alikuja kutoka upande wa Rumangabo, akimtafuta mkewe aliyepotezana naye njiani. Kwetu ilikuwa sheria: mtu anaandika, mimi nasoma. Muzee wa Meza akatoka nje ya chumba chake, jambo ambalo hakulifanya hata siku mkurugenzi alipooa, akamshika yule mzee mkono, akamketisha kwenye kiti changu. Mimi nimesimama tu pembeni kama shahidi! Yule mzee alikuwa na mafua, sauti imekatika vipande.

"Papa, sauti yako ya nyumbani ikoje?" akamuuliza.

"Ya nyumbani?"

"Ile mama wa nyumbani anajua. Ukimuita kutoka shamba."

Yule mzee akajaribu, akakohoa, akasema ni nzito kuliko hii, tena inatoka kifuani. Nusu saa nzima Muzee wa Meza alitengeneza. Anaongeza, anapunguza, anamwambia sema tena, anamuuliza: njo hii? Hapana. Njo hii? Karibu. Alimtengenezea makro yake peke yake, kwa maneno ya dakika mbili. Mke alipatikana siku ileile, alikuwa mtaa wa Majengo kwa shangazi. Na mimi, badala ya kufikiri, nilikasirikia kiti changu. Nikajiambia: umeona? Anaweza kumpa mgeni sauti yake, lakini yangu anainyang'anya.

Nikaenda kwa mkurugenzi. Nikaomba mkutano, watu wote, na mkutano ukafanyika studio, mbele ya Meza. Nilisema nilichokuwa nimekiweka moyoni. Kwamba kuna mkono unachezea sauti yangu kila Alhamisi. Kwamba sikuomba. Kwamba watu wanasikia mtu ambaye si mimi. Wengine walitikisa kichwa. Msifikiri nilikuwa peke yangu. Kila mmoja alikuwa na shaka yake juu ya zile butoni nyeusi. Mmoja akauliza kama Meza hairekodi maongezi yetu. Mwingine akauliza daftari lile linasomwa na nani. Siku zile maswali kama hayo yalikuwa yanaweza kumfikisha mtu pabaya, na wote tulilijua hilo tukiyauliza.

Mkurugenzi akamgeukia. "Muzee, unasema nini?"

"Anataka nifute?"

"Nataka watu wanisikie miye," nilisema. "Miye kabisa. Bila kitu."

"Yote?"

"Yote!"

Alibonyeza butoni ya njano na kuishikilia. Kioo kikauliza kwa Kifaransa kama tunataka kufuta, ndiyo au hapana. Akasogeza kiti chake nyuma.

"Bonyeza weye, mama."

Nilibonyeza ndiyo. Kidole changu mwenyewe, mbele ya mashahidi, na nilijisikia vizuri sana, nisiwafiche.

Asubuhi iliyofuata nilisoma. Neno la kwanza tu lilipoingia kwenye kaske, nilidhani mashine imeharibika. Sauti ilikuwa ya kikongwe. Ilikuwa imepasuka katikati, na pumzi ilikuwa inavuja pembeni. Nikamgongea kioo kwa hasira. Aliinua mikono yote miwili juu nione kwamba hagusi kitu. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa mpigo mmoja, nikiwa hewani, karatasi mkononi, na mji mzima unasikiliza. Hakuwa ananipunguza. Sauti yangu ilikuwa inakufa, na kila Alhamisi yeye alikuwa anaifufua.

Karatasi ya juu ilikuwa ya mtoto wa kike. Miaka kama sita, sweta nyekundu, ameokotwa njia ya Kanyaruchinya, anasema mama yake anauza chumvi, sasa yuko kwa masista. Niliisoma hivyohivyo, nikikohoa katikati. Sikuwa na unyenyekevu wa kutosha kumwomba Muzee anirudishie, wala sikuwa na ujasiri. Kesho yake nikasoma tena. Na kesho kutwa. Kiburi kina nguvu, jamani. Nilijiambia watu watazoea.

Siku ya tano mwanamke mmoja aliingia uani, kitenge kimechanika mguuni, akaketi chini kwenye mawe. Hakuenda kwa masista kama tangazo lilivyosema. Alikuja redio kwanza, kuangalia ni nani anasoma. Nilitoka nikamwinamia.

"Mama, karibu. Miye njo ninasomaka."

Akaniangalia juu hadi chini. "Haiko weye."

"Ni miye, Mama wa Matangazo."

"Haiko weye," akarudia. "Ile sauti tunajua. Hii ni ya mutu mwingine. Watu wa kambi wote wamesema ni mutego. Watu wa bunduki wamekamata redio, wanaita wamama wajitokeze."

Yule mtoto alikuwa wake. Alisikia tangazo asubuhi ya kwanza kabisa, sweta nyekundu, chumvi, kila kitu. Siku nne alikaa kwenye hema lake akisikia mtoto wake anaitwa, na siku nne hakuja, kwa sababu aliyeita hakumjua. Alikuwa anangoja nije mimi nithibitishe. Ya tano ndiyo alisema bora nife nikiangalia. Mtoto tulimkuta mzima, namshukuru Mungu, lakini masista walisema siku nne hizo alikataa kuvua sweta, eti mama hatamtambua. Nilirudi nyumbani nikajifungia. Nililia hadi shingo ikauma.

Muzee wa Meza aliliona jambo lile lote, amesimama mlangoni, kaske shingoni. Hakunisema. Angenisema ningepona haraka. Jumatatu hakuja. Kitenge kilikuwa kimekunjwa juu ya Meza, daftari hakuna. Uvumi haukuchelewa: yuko Bunagana na wafanyabiashara wa mpakani, hapana, amechukuliwa kwa sababu ya yale maswali ya mkutanoni, hapana, alikuwa mtu wa watu fulani tangu zamani. Na mimi, niseme na hili, siku ya kwanza nilipumua. Siku ya pili ndiyo nilianza kuogopa kwa ajili yake. Nilienda mtaa aliokuwa anakaa, nikaambiwa wamehama na hawakusema wanakwenda wapi. Nani anasemaka?

Vijana waliomfuata walijaribu kunitengenezea butoni ya njano nyingine. Nilisikika kama niko ndani ya ndoo. Mganga wa koo alinikataza kusoma. Sasa naandika matangazo, mwingine anasoma, na wasikilizaji wamemzoea. Yule mama wa chumvi ananisalimia tukikutana. Ananisalimia kwa kichwa tu, anapita.

Nilikutana na Muzee wa Meza msimu wa mvua uliopita, kwenye matanga ya mama aliyenipangisha nyumba nilipokuja mjini. Shitingi imetandazwa uani, viti vya plastiki, maspika mawili, na nyuma ya kimeza kidogo cha sauti cha zamani, chenye vipini vinne vya kushika kwa mkono, kofia ya sufu. Nilizunguka uani mara mbili. Kisha nikaenda.

"Muzee."

Hakugeuka. Nikasema kwa nguvu. Akageuka, akanitazama, akavuta kiti cha pili akakipangusa kwa kiganja.

"Mama. Uko muzima?"

"Niko muzima, lakini sauti, unaisikia."

"Siisikii," akasema.

Nilidhani ananitania, halafu nikakumbuka hakuwahi kumtania mtu. Akagusa sikio la kuume. "Hili lilikufa zamani. Hili lingine linabakia na kidogo. Wakati Meza mupya ilikuja, nilijua yote itaenda. Nikasema niweke kazi ndani ya makro ningali nasikia. Siku sitasikia tena, kidole kitajua."

"Na yangu? Ulikuwa unaitengeneza aje kila Alhamisi, kama husikii?"

"Niliweka sauti yako ya mwaka wa kwanza. Kwa kioo ina mustari wake, ninauona. Kila juma yako ilikuwa inateremuka chini ya ule mustari. Miye nilikuwa nairudisha, basi."

"Juu ya nini hukuniambia?" Nilimpandishia, hata kwenye matanga, sikuweza kujizuia. "Mutoto alilala siku nne bila mama yake! Ungeniambia tu!"

"Ningekuambia sauti yako inakufa, ungeniuliza ninajua aje." Aliangalia vipini vyake. "Ningejibu nini? Mutekinisien wa redio asiyesikia. Niliogopa, mama. Sawa na weye."

Sasa mnisikie nilivyo mbaya. Hata hapo sikumwamini. Nilinyanyuka kama mtu anayejinyoosha, nikapita upande wake wa kuume, nikalitaja jina lake, lile la kweli, taratibu, sauti ya kawaida ya mtu na mtu. Aliendelea kufunga waya. Nilirudi kwenye kiti nikaona haya, na haya yale sijawahi kuyaona tena.

Mtoto mkubwa wa marehemu akaja akaniomba niseme neno, kwa kuwa mama yake alikuwa ananisikiliza kila asubuhi. Nilikataa. Akasisitiza. Nikamwangalia Muzee.

"Hapa hakuna kioo," akaniambia chinichini. "Kwa arusi ninaangaliaka sura za watu, ninajua kama sauti iko muzuri. Kwa matanga siwezi. Wote wanalia."

"Basi nitasema aje?"

"Sema tu. Weye unasikia. Nionyeshe kwa mukono."

Nilishika mikro. Nikataja jina la marehemu, na sauti ikatoka imepasuka, kubwa mno, ikigonga bati la jirani. Wanawake wa mbele walirudisha vichwa nyuma. Nikateremsha mkono kidogo. Kule nyuma Muzee wa Meza, macho yake kwangu, akashusha kipini. Bado ilikwaruza. Nikateremsha tena, akashusha tena. Sasa wa nyuma walikuwa hawasikii, nikainua kidogo, naye akapandisha kidogo, mpaka ikawa sauti ya mtu mzima anayeongea na watu wake. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini. Nikaendelea kusema.